Safari Yetu ya Kwanza ya Baridi: Tuliyojifunza Kabla ya Kuondoka

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetutandikia ardhi na akatupasulia ndani yake njia za kupita. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.



Wiki hii twaomba ruhusa tuyaweke kando maswali ya fiqhi mliyotuletea, tuwasimulie jambo la nyumbani mwetu. Tumesita kuliandika, kwani sehemu yake haitupambi. Lakini familia tatu za mtaani kwetu zimekwisha kutuuliza namna ya kuwasafirisha watoto ng'ambo katika likizo ya Disemba, na kila tulipowajibu tulijiona twatoa nusu ya jibu. Tulitaja tikiti na makoti, tukanyamaza juu ya lile lililokuwa zito zaidi. Leo tutayasema yote mawili.

Mwaka jana sehemu yetu ya mirathi katika shamba la minazi huko Kilifi iliuzwa. Tulipokwisha kulipa madeni, kutoa zaka iliyotuwajibikia, kuweka kando matumizi ya mama yetu mzazi na ada za shule za Januari, lilibaki fungu. Fungu hilo tulilichanganya na akiba ya nyumba iliyokuwa ikikusanywa kidogo kidogo kwa miaka minne. Nia ilikuwa moja, nayo ni kuitoa familia nje ya nchi kwa mara ya kwanza. Sisi wenyewe tumesafiri, alhamdulillahi: Hija mara moja, makongamano ya wanavyuoni Cairo na Khartoum, na Maulidi ya Lamu kila tulipojaaliwa. Mama watoto, katika miaka ishirini na sita ya ndoa yetu, amevuka mpaka wa Kenya mara moja tu, alipokwenda mazikoni Tanga.

Tuliuchagua mji wa Istanbul. Likizo ndefu ya watoto wetu huangukia Novemba na Disemba, na miezi hiyo kule ni majira ya baridi, wageni huwa wachache kuliko wakati wa joto. Ni mji ambao adhana husikika mara tano, na chakula cha halali hakitafutwi kwa tochi. Tena ndani yake amelala Sayyidna Abu Ayyub al-Ansari, aliyempokea Mtume nyumbani kwake Madina, kisha akafariki uzeeni katika jeshi lililokwenda kuuzingira mji huo, ukiitwa wakati ule Konstantinopoli. Tangu utotoni, chuoni, tulikuwa tukitamani kusimama mbele ya kaburi lake.

Basi tukaenda kwa wakala wa safari. Akatuonyesha mpango wa siku saba, miji mitatu: Istanbul, Bursa na Cappadocia. Bei, akasema, itabaki hivyo mpaka Ijumaa. Tulilipa arubuni ya shilingi 60,000 papo hapo, tukarudi nyumbani na furaha ya mtu aliyefanya jambo kubwa. Usiku ule, wakati wa chakula, tukatangaza: "Tumeamua, insha Allah, kwenda Uturuki Disemba."

Watoto walipiga kelele za furaha. Mama watoto akaliweka jagi la maji chini, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Tumeamua na nani, Maalim?"

Wasomaji wetu wa miaka mingi mwajua kwamba tukiandika "sisi" huwa twaikusudia nafsi yetu, kwa adabu ya uandishi tuliyofundishwa na masheikh zetu. Usiku ule tuligundua kwamba desturi hiyo imetuhamia mpaka kwenye maisha. Twasema "tumeamua" na hali aliyeamua ni mtu mmoja.

Watoto walipokwisha kulala, mama watoto alitueleza mambo matatu. Tunayaandika kwa idhini yake.

La kwanza lilikuwa kifua cha mwana wetu wa mwisho. Ana umri wa miaka tisa, na ana pumu. Upepo wa kusi unapoanza kuvuma na mvua za Mei zikashuka, kifua chake hubana, na kuna usiku ambao mama yake hukaa kitako mpaka alfajiri akiisikiliza pumzi yake. "Baridi ya Mombasa tu hiyo," alisema, "na wewe wataka kumpeleka kwenye theluji. Uliuliza daktari?" Hatukuuliza. Ukweli ni kwamba haikutupitia akilini. Usiku anaoukesha yeye, sisi huwa tumelala, au tuko safarini.

La pili lilikuwa hili: "Safari zako zote nimekupakia begi mimi. Sijawahi kuulizwa nataka kwenda wapi."

La tatu alilisema kwa upole zaidi, nalo ndilo lililotukata. Ile akiba ya miaka minne haikuwa yetu peke yetu. Ndani yake mlikuwa na fedha za mahamri na viazi vya karai anavyouza kila asubuhi, alizozileta mwenyewe na kuziandika katika daftari la bluu. Akalifungua daftari, akapiga hesabu. Katika zile 60,000, shilingi 24,000 zilikuwa zake.

Ndugu zetu, sisi ndio tunaosomesha kila mwaka kwamba mali ya mke ni yake, na kwamba mume hana haki nayo ila kwa ridhaa ya nafsi ya mkewe. Tumelisema hilo mimbarini. Tumewasuluhisha watu kwa hukumu hiyo. Kisha tukachukua 24,000 za mahamri, tukampa mtu mwingine, tukamletea mwenye mali habari wakati wa chakula.

Asubuhi tulirudi kwa wakala kuomba arubuni yetu. Akatuonyesha nyuma ya risiti: hairudishwi. Imeandikwa, na sisi tuliitia sahihi bila ya kusoma. Hatukumlaumu. Tena ilikuwa aibu ya aina yake, kwa sababu mlango wa arubuni tumewasomesha wanafunzi mara nyingi. Twajua kwamba wanavyuoni walio wengi, na madhehebu yetu ya Imam Shafii miongoni mwao, hawaikubali arubuni ya kupotea, na kwamba Imam Ahmad aliiruhusu. Tuliihifadhi khitilafu yote, tukashindwa kuigeuza karatasi upande wa pili.

Tulirudi, tukamwomba mama watoto msamaha, tukamwahidi kwamba fedha yake tutamlipa kutoka mfukoni mwetu. Alituambia jambo ambalo hatukulitarajia: "Mimi sikatai safari, Maalim. Naitaka. Lakini nataka kuwemo."

Ijumaa iliyofuata, baada ya Isha, tulikaa mkekani wote: mama yetu mzazi, mama watoto, binti yetu wa miaka ishirini aliye chuoni akisomea ujenzi, kijana wetu wa miaka kumi na sita, na yule mdogo. Mwenyezi Mungu amewasifu waumini kwa kushauriana katika mambo yao, na sura nzima katika Qur'ani imeitwa Shura. Tuliona tuanze na mdogo, kisha tupande kwa umri, ili asiwepo mtu wa kurudia tu maneno ya baba. Tuliwasomea mpango wa miji mitatu siku kwa siku. Ulikuwa na kuamka usiku, safari za basi, na ndege nyingine ya ndani. Cappadocia iko juu, bara, na usiku wa Disemba kule huteremka chini ya sufuri. Kijana alipiga hesabu akakuta kwamba katika siku saba, karibu tatu zingekwisha njiani. Mama watoto hakuongeza neno. Alimtazama mdogo tu.

Uamuzi wa mkeka ukawa mji mmoja, siku saba, mwendo wa polepole. Arubuni ipotee. Uchungu wa shilingi 60,000 ulikuwa wetu, na ulistahiki kuwa wetu. Zile 24,000 tumezilipa kwa miezi minne, na katika daftari la bluu kuna mstari unaosema "Maalim amemaliza".

Sasa tuingie katika yale mliyotuuliza.

Tulianza na kifua. Kabla ya kutafuta tikiti nyingine tulikwenda kwa daktari anayemtibu mtoto, na safari hii baba na mama tulikwenda pamoja. Alitufahamisha kwamba hewa ya baridi na kavu yaweza kuibana njia ya pumzi ya mwenye pumu, lakini kwamba mtoto ambaye pumu yake imedhibitiwa vizuri aweza kusafiri akijiandaa. Alitupa maagizo. Dawa ya kuvuta ya kila siku isikatwe hata siku moja. Ile ya kufungua kifua iwe ndani ya mkoba wa mkononi, isiwekwe katika mizigo inayoingia tumboni mwa ndege, na iwepo ya akiba katika mkoba wa mtu mwingine. Mtoto afunikwe pua na mdomo kwa skafu anapotoka nje, apumue kwa pua, asikimbie katika upepo wa baridi. Moshi aepushwe nao, na mikahawa ya sheesha tusiikaribie, jambo ambalo hatukuhitaji daktari kutuambia. Tulipewa barua inayoeleza ugonjwa na majina ya dawa, pamoja na hatua za kuchukua kifua kikibana. Alitaka pia kumwona mtoto tena wiki mbili kabla ya safari, ili aamue yeye. Tulikubaliana nyumbani: akisema hapana, hakuna anayekwenda. Bima ya safari nayo tuliiulizia neno moja tu, kama inamlipia mtoto mwenye ugonjwa anaojulikana tangu zamani, kwa kuwa si zote zinazolipa.

Kisha nguo. Istanbul mwezi wa Disemba huwa na kiasi cha nyuzi 10 mchana, na usiku hushuka hadi nyuzi 5 au chini yake, pamoja na mvua na upepo utokao Bahari Nyeusi. Sisi ambao nyuzi 22 zatutoa na sweta, hiyo si hali ya kuchezea. Lakini msiende katika maduka makubwa. Makoti mazito ya mitumba yamejaa Kongowea na bei yake ni nafuu, kwani nani Mombasa ayataka? Mama watoto na binti walikwenda mara tatu, wakarudi na makoti matano ya sufi kwa bei ya moja jipya.

Siri ya joto, kama tulivyoelezwa na jamaa aishiye kule, ni kuvaa nguo kwa tabaka, nyembamba ya kubana mwilini, ya sufi katikati, na ya kuzuia upepo na maji juu. Hewa iliyokaa baina ya nguo na nguo ndiyo inayohifadhi joto la mwili. Pamba ikilowa haikauki upesi na humtia mtu baridi, basi isiwe ndiyo inayogusa ngozi kwa anayetembea mvuani. Kwa dada zetu, buibui lavalika vizuri juu ya nguo za joto na chini ya koti refu, lakini pindo lake lisifagie ardhi. Likilowa maji ya barabarani, mtu atabeba baridi miguuni mchana kutwa. Binti yetu amepandisha mapindo kwa vidole vitatu. Viatu viwe vya kuzuia maji na vyenye soli ya kushika, maana mji ule ni wa vilima na mawe yake huteleza.

Hapo tukafika katika jambo ambalo kila mama atalikabili: udhu wa watoto katika maji ya baridi. Sharia yetu ni nyepesi, na rukhsa ya kupaka juu ya khofu kwa sisi watu wa pwani husomwa vitabuni na hutumika mara chache. Khofu ni kivazi cha mguu kinachofunika mpaka juu ya vifundo viwili, kigumu cha kuweza kutembelewa, kisichopenyeza maji kwa wepesi, nacho kivaliwe baada ya udhu kamili. Mkaazi hupaka kwa mchana na usiku mmoja, msafiri kwa siku tatu na usiku wake, na hesabu huanza pale udhu unapotenguka baada ya kukivaa. Soksi nyembamba peke yake, katika madhehebu yetu, haitoshi. Mwenye janaba hana budi kuvua.

Na hapa mji mmoja ulituletea hukumu yake. Katika madhehebu yetu, msafiri aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili au zaidi, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, huacha kuwa msafiri tangu anapofika. Kwa hiyo tukifika Istanbul kwa nia ya siku saba, tutasali rakaa kamili, kila sala kwa wakati wake, na khofu zetu zitakuwa za siku moja. Kupunguza na kukusanya kutabaki njiani, katika kwenda na kurudi. Kijana wetu alionyesha kusikitika kidogo. Tulimwambia kwamba kuna fidia yake.

Fidia ni hii. Saa ya Uturuki ni sawa na yetu. Tangu 2016 hawaisogezi tena saa mbele na nyuma, na saa ya ukutani ya Istanbul na ya Mombasa zasema neno moja mwaka mzima. Kilichohama ni jua. Mwishoni mwa Disemba, wakati wa alfajiri kule huingia karibu saa moja kasorobo asubuhi, na jua huchomoza karibu saa mbili na nusu. Magharibi huingia karibu saa kumi na mbili kasorobo. Mtoto anayeburutwa kitandani kabla ya saa kumi na moja alfajiri hapa kwetu, kule ataamka amelala akashiba. Usiku ni mrefu, mchana ni mfupi. Wema waliotutangulia walikuwa wakiipenda baridi kwa sababu hiyo, wakisimama usiku wake na kufunga mchana wake. Mama watoto ametuambia ana siku za Ramadhani za kulipa, naye ameona kufunga kwa saa kumi na moja mahali pasipo na jua kali ni biashara nzuri.

Watoto tumewatayarisha pia kwa adabu za misikitini. Wenyeji wengi ni Hanafi. Hawasomi kunuti katika sala ya alfajiri, na mikono hawainui wakati wa kurukuu. Tumewaonya wasije wakamtazama mtu kwa jicho la kumkosoa, wala wasidhani sala yetu imekuwa mbovu. Na kwa kuwa katika madhehebu yetu ngozi ya mwanamume ikigusana na ya mwanamke asiye maharimu wake bila ya kizuizi udhu hutenguka, na tramu za mji ule hujaa, glavu zitakuwa na faida mbili.

Kuhusu nyaraka tutasema machache. Kila mtoto awe na pasipoti yake, na iwe na angalau miezi sita mbele. Mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza ya Uturuki, basi vyeti vya kuzaliwa, barua za shule na taarifa za benki vianze kukusanywa mapema, si wiki ya mwisho. Na msilipe tikiti wala hoteli isiyofutika kabla ya viza kutoka. Somo hilo sisi tumelinunua ghali. Nyinyi tumewapa bure. Tulipoulizia vyumba tuliuliza mambo matatu: kama kuna joto la bomba usiku kucha, kama kituo cha tramu kiko karibu na bila ya kupanda kilima, na kama chai ya asubuhi imo katika bei.

Ratiba tuliipanga mkekani. Kila mtu aliruhusiwa jambo moja tu, na kila siku jambo moja tu. Siku ya kufika haina kitu ila kulala.

Binti alichagua msikiti wa Süleymaniye, uliokamilishwa mwaka 1557 na mhandisi Sinan, akae ndani yake na kalamu na karatasi bila ya mtu kumharakisha. Kijana ataka kuuona uwanja wa Fenerbahçe, ulio upande wa Asia. Tulitaka kukataa, tukakumbuka kwamba hii ni zamu yake, na kwamba feri ya kwenda huko ni nzuri. Sisi tulichagua jumba la Topkapi, mahali panapohifadhiwa athari zinazonasibishwa na Mtume, na ambapo Qur'ani husomwa mchana na usiku. Tumeandika kwamba hufungwa Jumanne. Mama yetu, ambaye hatasafiri kwa sababu ya magoti yake, alisema: "Nifikishieni salamu kwa Abu Ayyub, mwanangu. Mwambieni yuko ajuza Mombasa anayempenda aliyemkaribisha Mtume." Siku hiyo imewekwa Ijumaa.

Mdogo alichagua theluji. Hapa tulilazimika kusema kweli. Istanbul huanguka theluji siku kadhaa katika msimu, na zaidi Januari na Februari. Disemba huenda tusiione hata chembe. Hatukumwahidi. Tulimwambia hiyo aombe kwa Mwenyewe, nasi kwa upande wetu tutamnunulia salep, kinywaji cha moto cha maziwa chenye mdalasini juu yake, kizito kama uji wetu. Alifikiri, akasema ataomba, na uji pia ataunywa.

Mama watoto alikuwa wa mwisho. Alisema: "Nataka asubuhi mbili nisiamshwe na mtu baada ya sala. Na nataka kupanda feri nisiyokuwa na haraka ya kushuka." Anayevuka Likoni kila wiki na ndoo ya unga kichwani ataelewa. Basi kuna feri itokayo Eminönü kwenda Üsküdar, kutoka bara moja hadi bara jingine kwa muda mfupi tu, na ndani yake huuzwa chai. Tutavuka naye, turudi, na akitaka tutavuka tena. Tumetanabahishwa tu kwamba kule nako kuna upepo wa kusini, wauita lodos, ambao ukivuma kwa nguvu feri husimamishwa. Mama watoto alicheka akasema kusi limemfuata mpaka Ulaya.

Kuna jambo moja limebaki. Jirani yetu mmoja, kwa mapenzi mema, alituuliza kwa nini fedha hizo zisiwe za Umra. Swali ni zuri, na tumelipeleka mkekani pia. Jibu letu ni kwamba Umra ni bora kuliko matembezi, hilo halina mjadala, nasi tuna nia nayo. Lakini kuwatoa watu wa nyumbani kwa halali, baada ya kutoa haki za watu, ni katika wema ambao mume ataulizwa juu yake kama atakavyoulizwa juu ya chakula. Israfu hujulikana kwa kukopa, kushindana, na kuigusa haki ya mwingine. Tulikataa mkopo wa riba tuliopewa ili kuongeza siku tatu. Na haki ya mwingine tuliigusa mara moja, kama tulivyokiri, tukairudisha.

Hadi tunapoandika makala haya, jibu la viza halijatoka, na daktari hatujamwona mara ya pili. Huenda tukasafiri, huenda tusisafiri. Tumekubaliana kwamba ikiwa Mola hakutujaalia, tutakwenda Lamu siku saba, kila mtu na siku yake kama tulivyopanga, na makoti tutayarudisha Kongowea.

Juzi jioni tuliona tumpakie mama watoto begi lake, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita. Tulikunja kila kitu vizuri, tukafunga zipu, tukaliweka mlangoni. Asubuhi tulimkuta amelifungua, amevitoa vyote, anapanga upya. Hatukusema kitu. Tulikaa chini, tukamwuliza kila nguo iende wapi, naye akatuonyesha.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape wagonjwa wetu afya, awarudishe wasafiri wetu salama, na azijaalie nyumba zetu kuwa nyumba za kushauriana. Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.